Buji ya Upande wa Kulia

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa sita

Pikipiki ya Babu imekataa mlima tena. Mlima ule ule wa kutoka Kasongo kwenda Wamaza, ambako Babu ana shamba la karanga. Ilikohoa, ikatetemeka, ikazima. Babu amerudi akiisukuma, shati limelowa, na vijana wa kituo cha pikipiki wamemuuliza kama siku hizi yeye ndiye anayeibeba. Alipofika uani aliiegemeza ukutani akaipa mgongo, kama anavyompa Baba wakikosana.

Wakati wa kula akatoa habari. Amechoka. Jumamosi atakuja mtu kutoka Salamabila, mfanyabiashara anayeitwa Radjabu, rafiki wa baba yake Kavira. Ataitazama pikipiki. Ikimpendeza ataichukua, na sisi atatuachia cherehani.

Cherehani. Nikamtazama Kavira. Kavira alikuwa anatazama sombe, majani yale yale ya mihogo, kwenye sahani yake kwa heshima kubwa. Nikajua mpango umetoka wapi.

Kavira ni binti ya shangazi yangu. Anakaa kwetu kwa sababu ya shule, anasoma ushonaji, na anashona kola za kwaya kwa mkono, akiugua kwa sauti ili tumsikie. Babu anamwita mke mkubwa. Mimi, Deborah, ni mke mdogo. Huku kwetu kila babu anawaita wajukuu wake wa kike wake zake, ni utani tu, na mimi na Kavira ni wake wenza. Siku nyingine tunacheka. Leo sikucheka.

Sasa jambo langu. Ninamaliza mwaka wa nane na lazima nichague tawi la masomo. Baba ameniandikia ushonaji, kwa kuwa Kavira anafaulu. Mimi nataka mekanika. Baba anasema hajawahi kuona msichana wa mekanika. Nilimwambia ndiyo maana nataka aone. Hakufurahi. Karatasi inarudi shuleni Jumatatu ijayo, na ni mtu mmoja tu anayeweza kumfanya Baba abadili neno. Babu.

Mpango: nitatengeneza pikipiki kwa siri kabla ya Jumamosi. Babu atapanda mlima bila kusukuma. Atafurahi. Atakataa kuitoa. Atauliza ni nani aliyeitengeneza. Nitainamisha macho. Ataongea na Baba.

Sioni kasoro.

Jumanne, tarehe 4

Nimepita kwa Bulaimu, fundi wa njia panda. Nikamuuliza kwa heshima pikipiki inayokataa mlima inaumwa nini. Akauliza nani kanituma. Nikasema Babu. Akasema Babu ana mdomo wake mwenyewe, nimwombe aulete.

Sikuondoka. Nilisimama karibu kama mtu anayesubiri mtu. Bulaimu alikuwa anafungua buji ya mteja, ile plagi ya kuwashia injini. Sikujua kama buji ni kitu kidogo hivyo. Chini chuma chenye kucha moja iliyopinda, juu kaure nyeupe kama jino. Hapo kwenye kucha ndipo cheche inaruka, na cheche hiyo ndiyo inayosukuma pikipiki, watu wawili, gunia la karanga na mbuzi. Sijui kwa nini watu wanapita barabarani bila kushangaa.

Bulaimu alimwambia mteja kwamba injini inatazamwa ulimi kwanza, kama mtoto mgonjwa. Ulimi wa kahawia ni afya. Mweusi, amekula vibaya. Mteja akasema kumbe yake imekula makaa.

Nyumbani nikaenda kwa Babu kwa njia ya halali. Nikamwambia mume wangu, mali ya mume ni mali ya mke, naomba nitazame buji ya pikipiki yetu. Babu akacheka mpaka akakohoa. Kisha akakataa. "Muke yangu, kalamu haifunguaka boloni." Mikono ya shule ni ya chaki, alisema, ya Bulaimu ni ya bolti za pikipiki.

Kwa hiyo njia ya halali imejaribiwa. Dhamiri yangu ni safi.

Jumatano, tarehe 5

Babu kaenda kwenye mkutano wa parokia. Nikatoa ufunguo wa buji, ile spana yake, chini ya kiti cha pikipiki. Buji inaonekana wazi, upande wa kushoto, waya umeivalisha kofia. Nikavuta. Haikusogea. Nikaning'inia. Haikusogea. Nikaomba Mungu na kuning'inia kwa pamoja. Ikaachia ghafla, nami nikakaa ndani ya beseni la maganda ya mihogo.

Ulimi mweusi! Mweusi kama tako la sufuria. Sijawahi kufurahi hivyo kwa sababu ya ugonjwa.

Shimo lilibaki wazi na upepo wa kiangazi ulikuwa unapeperusha vumbi. Nikachukua kitambaa kidogo kilichokuwa kwenye meza ya dirishani, nikakisokota, nikaliziba. Buji nikaiosha kwa esanse, petroli ya akiba ya Babu. Kisha nikakumbuka kwamba waendesha pikipiki wanaichoma ili masizi yatoke. Mama alikuwa na moto mzuri kwenye babula, jiko lake la makaa, chini ya maharage. Nikaiweka pembeni ya makaa. Nilisahau kwamba bado ilikuwa na esanse.

Moto ulipanda mpaka juu ya sufuria. Nyusi zangu zipo, lakini si zote.

Ilipopoa nikataka kuona cheche, maana kitabu cha fizikia kimeichora tu. Nikachomeka buji kwenye waya wake, nikaishika kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine nikasukuma kiki kwa nguvu. Sikuiona cheche. Ilipita kwangu. Nimeielewa sura nzima ya umeme kwa mara moja, mpaka kwenye kiwiko.

Nikairudisha buji mahali pake, ufunguo na kitambaa nikavisukumia chini ya kiti.

Jioni Baba alionja maharage, akaweka kijiko chini, akamuuliza Mama ameyanunua kwa nani. Mama akasema sokoni, kwa mama yule yule wa siku zote. Nikasema labda yalisafirishwa kwa pikipiki. Mama akanitazama kwa muda mrefu, hasa kwenye nyusi.

Kavira hakula vizuri. Anatafuta kola moja ya kwaya, ya kiongozi mwenyewe. Aliiacha kwenye meza ya dirishani.

Alhamisi, tarehe 6

Asubuhi pikipiki iliwaka mara moja. Babu akashangaa, akaipapasa tanki, akaondoka akiimba. Nilikwenda shule nikiimba pia. Mwalimu wa fizikia akauliza ni kitu gani kinachopitisha umeme vizuri. Nikasema mimi. Darasa likacheka, lakini lilikuwa jibu la uchunguzi.

Saa sita nikamkuta Babu anarudi. Anaisukuma.

Basi buji ilikuwa chafu kweli, ila si hiyo iliyokataa mlima. Baada ya kula nikalala chini, nikaitazama injini pande zote kama Bulaimu. Upande wa kushoto sikuona jipya. Upande wa kulia kuna chuma cha kukinga matope, na nyuma yake tope lenyewe, gumu kama tofali. Nikalichokonoa kwa kijiti. Ndani nikaona waya. Waya unashuka. Mwisho wa waya kuna kofia, sawasawa na ile ya kushoto.

Pikipiki ya Babu ina buji mbili.

Nikakimbia kwa Bulaimu bila hata viatu. Hakukana. Akasema ndiyo, aina hii ina midomo miwili, lakini wa pili umekaa vibaya, ufunguo wake hauingii pale, na injini inakwenda hata kwa mmoja. Nikamuuliza ameifungua lini mara ya mwisho. Akasema hakuna mteja aliyewahi kumuuliza habari zake. Kisha akageuka kupuliza kabureta iliyokuwa safi kabisa.

Niliporudi nilikuta kesi. Kavira amepata kola. Mama ndiye aliyeitoa chini ya kiti cha pikipiki, akitafuta chanzo cha harufu ya esanse kwenye maharage. Nyeusi, na katikati ina mviringo kama muhuri. Babu amekaa kwenye kiti chake. Baba amesimama. Kavira akaikunjua kola mbele yao taratibu, kama wakili, akasema hii ndiyo shingo ya kiongozi wa kwaya.

Nikakiri yote. Buji, babula, kola. Baba akasema hii ndiyo mekanika yenyewe. Nikaona mpango wangu wote unazama, na mtu anayezama hushika chochote. Nikashika utani.

Nikamwambia Babu: mume wangu, una buji mbili. Ya kushoto umeinunulia nguo mpya kila mara. Ya kulia, tangu umeileta hapa, hujaipa hata salamu. Wamefunika uso wake kwa tope. Halafu unashangaa kwamba nyumba haipandi mlima. Mume wa wake wawili anafanya hivyo?

Babu hakucheka mara moja. Kavira aliuliza ikiwa yeye ndiye wa kushoto. Nikasema mke mkubwa ajitambue mwenyewe. Hapo Babu akacheka, akajifuta macho, akasema leo amechunguliwa ndani ya nyumba yake. Akaingia chumbani, akatoka na buji mpya ambayo amekuwa akiitunza kwenye droo ya mashati, akaniwekea mkononi. Akasema mke wa kulia naye avalishwe.

Hukumu: ruhusa ninayo, lakini kola nyingine nitaishona mimi.

Nimeishona. Inafanana na popo. Kavira ameiangalia, kisha ameniambia kwa upole kwamba kweli nisisome ushonaji. Ni neno zuri kuliko yote aliyowahi kuniambia.

Ijumaa, tarehe 7

Nimeamka nikiwa na akili. Nikiiponya pikipiki, Radjabu ataipenda. Akiipenda ataichukua. Ikibaki mgonjwa, atatikisa kichwa na kurudi Salamabila na cherehani yake, na Babu atabaki nayo, nami nitaitengeneza Jumapili kwa utulivu.

Kwa hiyo mpango mpya: nisifanye kitu mpaka Radjabu aondoke. Ndiyo mpango bora niliowahi kuufikiria. Hauhitaji ufunguo, hauhitaji moto. Unahitaji tu kukaa.

Nimekaa. Nimemenya karanga. Nikageuza kiti nisiione pikipiki. Nikawaza ulimi wa buji ya kulia una rangi gani.

Kutazama si kutengeneza. Nikaona nitazame tu.

Kweli ufunguo hauingii. Lakini kile chuma cha kukinga matope kimeshikwa na boloni mbili tu. Ukikitoa kwanza, ufunguo unaingia wenyewe, bila ugomvi. Nilimfikiria Bulaimu kwa huruma.

Ilitoka ikilia. Si nyeusi, si kahawia. Ilikuwa na kutu, na ile kucha imeungana na chini kwa uchafu, kama mdomo ulioshonwa. Hakuna cheche iliyopita hapo miaka na miaka. Pikipiki ilikuwa inapanda milima kwa mguu mmoja, na watu wakiicheka.

Nani anaweza kurudisha maiti kama hiyo mahali pake? Mimi sikuweza. Nikaichukua ile mpya, nikaanza kuifunga kwa vidole, polepole, mpaka ikakaa sawa, ndipo nikaikaza kwa ufunguo. Nikarudisha kofia. Nikasema niwashe mara moja tu, nisikie.

Zamani ilisikika kama mzee anayepanda ngazi. Leo imesikika kama wanawake wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja, mchi huu ukipanda, ule ukishuka, bila kugongana. Mama alitoka jikoni kusikiliza. Babu akatoka. Hata Kavira. Babu aliweka mkono wake juu ya kichwa changu.

Nilifurahi sana. Kisha nikakumbuka Radjabu, nikakaa chini, ndani ya maganda ya karanga.

Jumamosi, tarehe 8

Mpango wa dakika ya mwisho: nichomoe kofia ya buji ya kulia. Hakuna kinachovunjika. Pikipiki inarudia ugonjwa wake, Radjabu anaondoka, kofia inarudi. Nikaichomoa wakati Babu ananyoa ndevu.

Radjabu alifika na vumbi la safari, mtu mnene, mcheshi, cherehani imefungwa blanketi nyuma ya pikipiki ya kukodi iliyomleta, kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Kavira akamletea maji kabla hajaomba. Majirani wakasogea kwenye ua. Baba alitoka na karatasi ya shule mfukoni, niliiona.

Babu akaanza kusifu. Hilo sikulitegemea. Nilidhani ataisifu pikipiki. Alinisifu mimi. Akamwambia Radjabu kwamba hii haikuguswa na fundi wa njia panda, imetengenezwa na mke wake mdogo, yule pale, wa mwaka wa nane, ambaye aligundua kitu ambacho yeye mwenyewe hakukijua. Alisema kwa sauti, majirani wote wakasikia. Kisha akakanyaga kiki.

Ikakohoa. Ikatetemeka. Ikawaka kwa shida, kama mzee wa ngazi.

Radjabu akasema basi mzee, bibi yako huyu ndiye amemaliza kuiua. Watu wakacheka. Baba hakucheka. Alinitazama kwa utulivu, kama mtu aliyesubiri jibu na sasa amelipata. Na Babu alikuwa bado ameshika usukani, ananitafuta kwa macho, uso wake umeingia aibu kwa ajili yangu.

Mpango ulikuwa unafanikiwa kabisa. Radjabu tayari alikuwa anatikisa kichwa. Ilinibidi ninyamaze tu.

Nikasema samahani, kuna kofia imelegea. Nikapita katikati ya watu, nikapiga magoti upande wa kulia, nikaisukuma kofia mpaka ikasema tak. Michi miwili ikaanza kutwanga.

Radjabu alimpandisha Babu nyuma, wakaenda kwenye mlima. Tukasikiliza kutoka uani. Sauti ikapanda, ikapanda, haikukatika. Kavira alikuwa amenishika mkono, sijui kwa nini, na mimi sikuutoa. Waliporudi Radjabu alisema pikipiki kama hii haitazamwi mara mbili. Akafungua blanketi.

Kavira aliipokea cherehani kwa mikono yote miwili, kama mtu anayepokea mtoto aliyekuwa amepotea. Alianza kulia. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia wakati huo, sikupata nafasi.

Ndipo Babu akasema asubiriwe. Akaketi. Akasema mbele ya Radjabu, majirani na Baba kwamba mume wa wake wawili hanunui kitenge kimoja. Mke mkubwa amepewa. Mke mdogo hajapewa. Na mke mdogo juzi alimkumbusha yeye mwenyewe, kwa ukali, kwamba ukimlisha mmoja nyumba haipandi mlima. Kwa hiyo aseme anachotaka.

Ningeweza kusema pikipiki. Ilikuwa bado ipo pale, joto bado linatoka kwenye injini. Babu angeirudisha, nadhani, kwa sababu neno la utani kwetu likisemwa mbele za watu linakuwa neno la kweli. Nikamtazama Kavira. Alikuwa ameacha kulia na ameifunika cherehani kwa kitenge chake.

Nikasema mekanika.

Babu akamgeukia Baba. Baba akasema ameshaandika, tena kwa kalamu. Babu akasema vizuri, basi kalamu ifanye kazi yake, ifute. Majirani wakasema kweli mzee. Radjabu, ambaye hakujua tunaongea nini, akasema kweli mzee. Baba alitoa karatasi, akaiweka juu ya kiti cha pikipiki, akapiga mstari, akaandika neno jipya. Alipomaliza aliniuliza, polepole, ile buji ya pili nilijuaje kama ipo. Nikamwambia nililala chini. Akasema anh, kama mtu aliyeelewa.

Pikipiki imeondoka saa kumi. Niliisikia mpaka kwenye mlima. Haikukohoa. Babu alinipa ile buji ya kutu, akasema ni ukumbusho wa mke mwenzangu.

Nimejifunza. Kama ningekaa kimya Ijumaa, pikipiki ingekuwa hapa. Ninaapa hapa kwamba sitafungua tena kitu cha mtu bila kuulizwa, hata kwa kutazama tu.

Jumapili, tarehe 9

Misa ilikuwa nzuri. Kiongozi wa kwaya aliimba akiwa amevaa popo shingoni. Alinyoosha kidevu juu muda wote, watu wakadhani ni ibada.

Baada ya misa wote wamekwenda kumsalimia mama mgonjwa wa kwaya. Mimi nimeachwa kuangalia maharage. Mama amesisitiza: kuangalia moto tu, kifuniko nisikiguse.

Cherehani iko kwenye meza ya dirishani. Kesho Kavira anaanza kola zote upya.

Nimekaa mbali nayo. Nimeangalia moto. Lakini kuna jambo ambalo mtu yeyote angejiuliza. Uzi wa juu unashuka na sindano. Uzi wa chini uko kwenye kibweta chake, umefungiwa. Hakuna mkono unaopita chini. Sasa nani anaufunga huu na ule? Nimezungusha gurudumu polepole, nimechungulia, sikuona. Kuna kibati kidogo kinaziba. Kimeshikwa na skrubu moja.

Moja tu. Na Kavira ni mke mwenzangu, mali ya mume ni mali ya wote.

Ndani ni pazuri kuliko injini. Kuna ndoano inayozunguka na kuudaka uzi wa juu, inauzungusha nje ya kibweta kizima, inauachia. Nimeitazama mpaka nimesahau kuvuta pumzi. Kulikuwa na springi nyembamba nyuma yake. Nilipoigusa iliruka.

Nimeitafuta chini ya meza, kwenye beseni, ndani ya viatu vyangu. Haipo. Mahali pamoja pamebaki. Nilipokwenda kuongeza makaa kwenye babula, hapo chini ya dirisha, nilikuwa nimekifunua kifuniko cha maharage kidogo, nione kama yanachemka.

Ninasikia kwaya inarudi njiani. Bado wako mbali, wanaimba ubeti wa pili. Mpango: nitapakua mimi mwenyewe, kila sahani, nikitazama vizuri. Springi itakuwa kwenye moja. Hiyo nitajipa mimi.

Sioni kasoro.